Polo, chelo, kateh, dami... Muajemi ana majina kibao ya wali, Mpashtuni anatumia moja tu. Haya maneno yametoka wapi?

Fundi Sufuria

Wakuu habari za humu. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu asije akadai nimemchosha.

Mi niko Hamburg, mwaka wa sita sasa, kazi yangu jikoni, sio pale mbele kwenye kaunta, kule nyuma kwenye mvuke na masufuria. Mpishi wetu mkubwa ni Muirani wa Rasht, mkoa wa Gilan, kule wanakolima mpunga kando ya bahari ya Caspian. Ninayeosha naye vyombo ni Mpashtuni wa Jalalabad, Afghanistan, lugha yao inaitwa Pashto. Alafu kuna dada wa Kabul anapokea oda, yeye anaongea Dari, ambayo ni Kiajemi kilekile ila cha Afghanistan. Majuzi usiku tumeshafunga, kuna sufuria ya wali imebaki, wali wenyewe wa kushikana, ule unaopikwa maji yakakaukia humohumo bila kuchujwa. Nikauliza kwa nia njema kabisa, jamani huu kwenu mnauitaje? Yarabi, kumbe nimewasha moto. Muirani akasema hii ni kateh. Dada wa Kabul akasema kateh ndo nini, hiyo ni bata (mi nikacheka peke yangu pembeni, bata!). Mpashtuni akatuangalia kama watu tusio na kazi, akasema "wrije". Nikamwonyesha gunia la mchele, na hii? "Wrije." Na ile pale kwenye sahani, iliyochambuka punje mojamoja? "Wrije", akaendelea kusugua.

Sasa sisi tunajua, mpunga uko shambani, mchele uko gunia, wali uko sahani. Ukimwambia mtu wa pwani umekula mchele atakuuliza kama meno yako salama. Kwa hiyo akili yangu ikawa upande wa Muirani moja kwa moja, nikamuona Mpashtuni ndo mvivu wa maneno. Baadae nikaanza kufukunyua, nikakuta jamaa hakuwa mvivu hata kidogo. Hilo neno lake lina historia ndefu kuliko ya sufuria zote za mle ndani.

Nitashusha kidogokidogo, simu yangu chaji haikai.

Bint Mkoko

Siti ya mbele nimeshachukua, na sahani ninayo. Shusha.

Kipute

Uzi wa wali saa sita usiku na mtu hajala. Mna roho mbaya nyie.

Fundi Sufuria

Haya tuanze na mchele wenyewe kabla haujapikwa.

Muajemi mpunga wenye maganda anauita shaltuk, Waafghani wanasema shali. Ukikobolewa unakuwa berenj. Mpashtuni naye kwenye maganda ana neno lake, shole, kwa hiyo sio kweli kwamba kila kitu kwake ni wrije. Shambani anatofautisha vizuri tu. Ila ukishatoka kinuni ni wrije mpaka tumboni.

Sasa utamu uko hapa. Berenj na wrije ni ndugu. Ukiyasikia hayafanani, ila weka pembeni na Kisanskriti cha zamani cha India ambako mchele ni vrihi, utaona sura ya familia. Kwenye maandiko matakatifu ya kale ya Wahindi, neno vrihi linaonekana kwenye Atharvaveda, kwenye Rigveda ambayo ni kongwe zaidi halimo, maana yake wale watu mchele waliukuta njiani walivyozidi kwenda mashariki, hawakuja nao. Kwenye lugha za upande wa Iran neno lilikuwa na sauti ya karibu na hiyo, linaanza na w au v alafu r. Kiajemi kina tabia ya kuzigeuza w za mwanzo wa neno kuwa b au g. Pashto mara nyingi inaziacha zilivyo. Mfano mwepesi ni theluji, Muajemi anasema barf, Mpashtuni anasema wawra, neno moja hilohilo kwenye asili yake. Kwa hiyo berenj ina b, wrije ina w, hakuna maajabu. Na Kiajemi cha zamani kilikuwa pia na gurinj kwa g, ndo Wauzbeki wakachukua wakawa na guruch mpaka leo. Waturuki wamechukua ya b wakasema pirinç, Wakurdi birinc, Waarmenia brindz.

Hiyo j ya wrije inategemea mtu katokea wapi. Wa Kandahar atakuambia wrizhe, huyu wangu wa Jalalabad na wale wa Peshawar wanasema wrije kwa j iliyonyooka. Wanaandika herufi moja wanasoma mbili.

Mzee wa Kyela

Mkuu na huu mchele wa Wazungu, "rais", nao umo kwenye familia hiyo au ni kitu kingine?

Fundi Sufuria

Umo mzee wangu. Wagiriki walisema oryza, wakawapa Warumi, Mtaliano akafanya riso, Mfaransa riz, Mwingereza akadaka kwa Mfaransa. Na Mwarabu aruzz au ruzz naye anawekwa karibu hapohapo. Wagiriki waliujua mchele vizuri baada ya vita vya Alexander, karne ya 4 kabla ya Kristo. Kuna mmoja aliyekuwa kwenye jeshi lile, Aristobulus, maneno yake yamenukuliwa na Strabo, mwandishi wa jiografia wa kale, kwamba mchele unalimwa Bactria, Babeli na Susa. Bactria ndo kaskazini ya Afghanistan ya leo. Kwa hiyo mchele pale sio wa juzi. Na Wachina nao, yule mjumbe wao Zhang Qian aliyetumwa magharibi karne ya 2 kabla ya Kristo, taarifa yake inasema watu wa Ferghana, kule Asia ya Kati, wanalima mpunga na ngano.

Ila vrihi yenyewe ilitoka wapi kabla ya Kisanskriti, hapo wasomi wanakamatana mashati. Haina sura ya neno la Kihindi-Kiulaya lililozaliwa nyumbani. Wengi wanaona limeazimwa kwa wakulima waliokuwepo pale kabla. Angalia, kule milimani kaskazini ya Pakistan kuna watu wanaongea Kiburushaski, lugha isiyo na ndugu duniani, wao wanasema bras. Watibeti kwenye maandishi yao wanaandika 'bras. Alafu Wamalay mchele uliokobolewa wanauita beras. Mwingine atakuambia ni neno moja lililotembea na mbegu, mwingine atasema sauti zimekutana tu. Mi naegemea wa kwanza kwa hayo mawili ya milimani, kwa Wamalay bado nina wasiwasi.

Bint Mkoko

Subiri, Wamalay si ndo wale wenye mpangilio kama wetu? Padi shambani, beras gunia, nasi kwenye sahani. Nasi goreng si wali wa kukaanga. Kumbe kuna watu wa tabia zetu.

Fundi Sufuria

Haswa dada, umeniwahi.

Ah na kichekesho, berenj kwa Kiajemi ni shaba nyeupe pia, ile ya vyombo. Mchele na shaba nyeupe vinaandikwa sawa vinatamkwa sawa. Waturuki nao wamebeba vyote viwili, pirinç mchele na pirinç shaba.

Mlamu Asilia

Samahani wakuu nimechelewa. Si ndo maana tunasema biriani? Birinj, biriani, kitu kimoja hicho. Nyanya yangu alikuwa fundi wa biriani Lamu nzima na hili halihitaji kufukunyua, sikio lenyewe linajua.

Fundi Sufuria

Shikamoo ya nyanya ifike, ila hapana shehe wangu. Hapo sikio limekudanganya, na si wewe tu, hata Wahindi wengi wanaamini hivyo. Biriani inatoka kwenye beryan ya Kiajemi, maana yake kilichochomwa au kukaangwa. Mchele haumo kabisa kwenye neno. Ushahidi uko Isfahan, nenda pale mjini agiza beryan, wenyewe wanatamka beryuni, utaletewa nyama ya kondoo ya kusaga imekaangwa kwenye kikaango kidogo, imewekwa juu ya mkate. Hakuna punje ya wali hapo. Neno lilipofika India likakutana na mchele, likaolewa huko, sisi tukampokea bi harusi na mizigo yake yote.

Mlamu Asilia

Biriani bila wali!! Hao watu wa Isfahan waombewe.

Jirani wa Muscat

Nacheka hapa nilipo. Mi mzaliwa wa Zanzibar niko Muscat, kwa faida ya uzi, huku Ghuba wali uliopikwa wanauita eish. Ruzz wanaielewa lakini mezani utasikia eish. Na eish maana yake ni maisha, kuishi. Sasa chukua ndege nenda Misri, omba eish, utaletewa mkate. Nilidhalilika Cairo siku moja nikasubiri wali nikaletewa mikate mitatu, nikaila kimya kimya kwa aibu.

Fundi Sufuria

Hapo jirani umenipa ngazi ya kupandia, ndo hasa nilitaka kufika. Maneno ya chakula kilichopikwa mara nyingi hayatoki kwenye mmea. Mmisri na mtu wa Ghuba kila mmoja amekiita "maisha" kile kinachomshibisha. Wauzbeki vilevile, pilau yao wanaiita palov lakini mtaani wanasema osh, na osh ni chakula tu, basi. India wali uliopikwa ni bhat, inatoka kwenye bhakta ya Kisanskriti, fungu la chakula ulilogawiwa. Hilo bhat limesafiri, kuna kamusi kubwa za Kiarabu za kale zina neno bahatt, wanasema ni neno la watu wa Sindh, Pakistan ya leo, wali uliopikwa kwa maziwa na samli. Na mimi ile bata ya dada wa Kabul nikiisikia nawaza moja kwa moja bhat, maana kutoka Sindh na Punjab mpaka Kabul sio safari ya kutisha.

Mwana wa Lubumbashi

Bandugu, mimi niko Lubumbashi, tunasoma tu humu. Hapa kwetu ugali tunasema bukari. Kule Bukavu na Goma bugali. Nilikuwa nawaza kama hii wali yenu haiko mbali na bukari, nikisema ni ukichaa mtaniambia.

Muhaya Mstaarabu

Si ukichaa ndugu, umepiga palepale. Wali na ugali ni neno moja. Kiswahili kimeidondosha ile g kwenye maneno kadhaa ambayo ndugu zake wameibakiza. Sisi Wahaya na Waganda kusema ni kugamba, Waswahili ni kuamba, ndo mkapata kuambia na kuambiana. Sasa chukua ugali ondoa g, unabaki na u-ali, ukiitamka haraka ni wali. Maana ya zamani ilikuwa nafaka iliyopikwa ikawa chakula kikuu. Pwani walipozoea mchele, jina la chakula kikuu likahamia kwenye mchele, na ule mgumu wa unga wakauita sima, Mombasa si wanasema sima mpaka leo? Alafu ugali kwa g ukashuka tena kutoka bara. Kwa hiyo ukila wali na ugali sahani moja umekula neno moja mara mbili.

Kipute

Hii comenti ya Muhaya imenitoa kwenye njaa kwa dakika mbili. Nimerudi, bado nina njaa.

Mzee wa Kyela

Miaka yote hii nalima mpunga nakula wali kumbe nakula ugali. Mama watoto asisikie.

Fundi Sufuria

Muhaya nakuvulia kofia, hiyo nilikuwa sina.

Sasa polo. Iran wanasema polo, Afghanistan palau, Uturuki pilav, India pulao, sisi pilau. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba yanarudi India, kwenye Kisanskriti kuna pulaka, yenye maana mbili za ajabu kukaa pamoja, punje iliyosinyaa, na donge la wali uliopikwa. Donge! Yani chakula ambacho leo ukikipika kikashikana mgeni anaondoka anakusema, jina lake lilianza likiwa donge. Waajemi ndo wamelikuza likawa sanaa. Shiraz kulikuwa na mshairi wa vyakula, Bushaq, mwanzoni mwa karne ya 15, kazi yake nzima ni mashairi ya kusifia misosi. Alafu wakati wa Wasafavi, ukoo wa wafalme wa Iran, kuna vitabu viwili vya mapishi vilivyoandikwa na wapishi wenyewe, kimoja cha 1521, kingine kama 1594 cha mpishi wa Shah Abbas, na humo polo zimejaa za kila rangi. Kwa hiyo haya majina mengi yalikuzwa sana jikoni kwa wafalme. Mtu wa kawaida wa nyanda za juu alikuwa anakula mkate, mchele ulikuwa kitu cha sherehe na cha wenye nacho.

Msambaza Neno

Wakuu mbona mnahangaika, hii ilishajibiwa. Nimetumiwa kwenye grupu. PALOV OSH ni dawa aliyoandikiwa mfalme na Ibn Sina, kila herufi ni kiungo. P ni piyoz kitunguu, A ni ayoz karoti, L ni lahm nyama, O ni olio mafuta, V ni vet chumvi, O ni ob maji, SH ni shali mchele. Sambaza kwa kumi.

Fundi Sufuria

Hahaha, nilijua itakuja. Hiyo hadithi Uzbekistan inasimuliwa sana na ni tamu, ila itazame vizuri. Piyoz na ob ni Kiajemi. Lahm ni Kiarabu. Olio inanukia Kitaliano, sijui Ibn Sina, tabibu aliyefariki 1037, aliipata duka gani. Huwezi kuunda neno kwa kuokota herufi kwenye lugha nne alafu bahati nzuri likafanana na neno ambalo Wahindi na Waajemi wanalo tayari. Ni kama mtu akuambie WALI ni kifupi cha Wote Ale Leo Inshallah.

Bint Mkoko

Wote Ale 😂😂 sarufi nayo imepikwa nusu.

Msambaza Neno

Sawa, mnajua nyie. Mi nimefikisha ujumbe.

Fundi Sufuria

Ila usisononeke mkuu, heshima yao iko palepale. 2016 UNESCO iliandikisha palov ya Uzbekistan na oshi palav ya Tajikistan kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, kila nchi yake, maana hakuna aliyekubali kuwa mgeni wa mwenzake.

Turudi jikoni. Hivi ndo mpishi wetu wa Rasht anavyogawa. Ukiroweka mchele na chumvi, ukauchemsha maji mengi, ukachuja, ukaurudisha sufuriani uive kwa mvuke, ule mweupe mtupu wa kula na mchuzi au kababu ni chelo. Ukichanganya ndani maharage, bizari, cheri chungu, zereshk (vitunda vidogo vyekundu vichachu), nyama, hapo ni polo. Usipochuja, maji yakakaukia ndani, ni kateh. Kateh yenye vitu ndani, dengu au baghala (maharage mapana), ni dami. Kule kuchuja wanaita abkesh, ab maji, kesh vuta. Huyu bwana ukimwambia "pika berenj" anakuuliza berenj ipi, kama fundi cherehani umemwambia tu "nishonee nguo". Ingawa vijana wa Iran wa siku hizi na hao wa Kabul nao wanasema tu berenj hata ikiwa sahani, msije mkaenda Tehran mkashangaa mkasema Fundi alitudanganya.

Chelo yenyewe asili yake ni vita. Wapo wanaoivuta kwenye chawal ya Kihindi, yaani mchele. Wapo wanaosema imetungwa ifanane na polo tu, polo na chelo, kama sisi tunavyosema maneno ya kuvutana mkia. Mi hii ya pili naipenda zaidi kwa sababu hayo mawili hayaachani, Kabul pia ni palau na chalau, moja ya supu ya nyama moja nyeupe.

Mama Chungu

Mwanangu Fundi, hiyo dami umeirukia. Dami ni nini?

Fundi Sufuria

Shikamoo mama, nilijua wewe utauliza la maana.

Dam kwa Kiajemi ni pumzi. Ukiacha wali uive kwa mvuke wake mwenyewe, mfuniko umebana, unasema umeuweka kwenye dam, umeuacha upumue humohumo. Dami ni hiyo. Waafghani wanasema dampokht, uliopikwa kwa pumzi, na Wahindi wamebeba wakasema dum. Ili pumzi isitoke wanafunga mfuniko kwa kitambaa kinene, kinaitwa damkoni, kinanyonya jasho lisiangukie wali.

Mama Chungu

Ndo kupalia huko. Sisi tunaweka mkaa juu ya mfuniko, wali unaiva chini na juu. Ukiondoa mkaa mapema wali unakuwa na kiini. Kumbe wenzetu wanafunga nguo. Hawana mkaa?

Fundi Sufuria

Mkaa walikuwa nao mama, zamani na wao walikuwa wanaweka juu. Siku hizi gesi. Na chini ya sufuria kinachobaki je? Tahdig. Tah chini, dig sufuria. Chini-ya-sufuria, basi, hakuna fumbo.

Mama Chungu

Ukoko.

Fundi Sufuria

Ukoko wenyewe mama, ila tofauti ni kwamba wao ukoko unapewa mgeni wa heshima, unageuzwa kwenye sinia unang'aa dhahabu, mwingine wanatandika viazi au mkate chini makusudi. Kwetu ukoko wanagombea watoto nyuma ya jiko.

Kipute

Mi nilikuwa mtoto huyo. Nimekwangua sufuria mpaka nikaitwa mkwara wa vyombo.

Pashtun wa Eastleigh (utani tu)

Ngoja nimtetee Mpashtuni maana mnamuonea. Nimefanya kazi na madereva wa Peshawar Dubai miaka minne. Wanasema palau pia, tena sana, harusini utasikia palau na sio wrije. Kwa hiyo kichwa cha uzi kimepotosha. Na kuna chakula chao cha nyumbani, ghate wrije, mchele mnene wanaupika mpaka unalainika kama ugali wenyewe, na mboga za majani, katikati wanachimba shimo wanamwaga samli. Ghat ni nene. Kwa hiyo anatofautisha, ila anatofautisha kwa kuongeza sifa mbele, sio kwa kubadilisha jina.

Fundi Sufuria

Nakubali mkuu, kichwa cha uzi nilikiweka kwa kuvutia wateja. Na hicho ulichosema mwishoni ndo jibu lenyewe la swali langu. Palau kwa Mpashtuni ni mgeni aliyekuja na harusi na wapishi wa mjini, amepokelewa na jina lake. Ila wrije ni la nyumbani, na limeng'ang'ania punje. Hata sarufi yake, wrije ni wingi, punje moja ni wrija. Anaposema nimekula wali, "ma wrije wukhwarre", kitenzi chenyewe kinakaa kwenye wingi kufuata zile punje. Yani ni kama sisi tungesema "nimezila". Sisi wali "umeiva", kitu kimoja. Yeye sufuria nzima bado anaona punje.

Muajemi anataja kile ambacho moto na maji vimefanya. Pumzi, kuvuta maji, chini ya sufuria. Mpashtuni anataja kile kilichotoka shambani, kilivyo, kiwe kibichi kiwe kimeiva.

Na huyu wa Rasht nilimuuliza tena, nyumbani kwenu mama yako anasema kateh? Akacheka, akasema hapana, kateh ni ya kuwaambia watu wa Tehran. Kigilaki, lugha ya kwao Gilan, shamba la mpunga ni bijar, mpunga ni bej, wali ni pela. Bijar, bej, pela! Shamba, gunia, sahani. Nikamwambia wewe ni Mswahili hujijui.

Jirani wa Muscat

Na pela si haiko mbali na polo?

Fundi Sufuria

Si haiko mbali, ni jirani ya ukuta. Kwa hiyo watu wanaolima wenyewe mpunga kule Gilan wana polo yao ya kila siku, asubuhi wanaila hata ya jana ikiwa baridi, wakati polo ya mfalme ina zafarani na karatasi za dhahabu.

Mlamu Asilia

Na hiyo Kabuli palau je? Hiyo najua ni ya Kabul, usinikosoe tena, nina presha.

Fundi Sufuria

Hii sikukosoi shehe. Ni wali wa supu ya kondoo, juu karoti na zabibu. Wengi wanasema Kabuli ya Kabul. Dada wa kaunta yeye anashikilia ni qabili, ya mtu qabil, hodari, kwamba mpishi asiye hodari asiiguse. Nikamwambia unasema hivyo kwa sababu unajua kuipika. Hakukataa.

Bint Mkoko

Sasa mkuu hao wenzako uliwaambia habari ya wali na ugali?

Fundi Sufuria

Nilisubiri mtu aulize. Jumapili nilipika ugali pale jikoni, unga nilipata duka la Waghana. Nikawawekea na mchicha. Nikawaambia neno hili na neno letu la wali ni moja, hadithi ya Muhaya yote nikaitoa kwa Kijerumani changu cha kuungaunga.

Muirani akamega, akatafuna, akawaza. Akauliza maji ulichuja? Nikasema ugali hauchujwi, maji yanakaukia ndani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema basi hii ni kateh ya mahindi.

Mpashtuni akauliza mmea wake unaitwaje. Nikamwambia mahindi. Akasema "haya, nipe mahindi mengine", akasogeza sahani.

Mama Chungu

Na ukoko wa ugali ulimpa nani?